Nyumba Iliyorukwa

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi wakubwa wa idara mliokaa hapo mbele kwenye kivuli, familia imemtuma mdogo wake marehemu, yule wa kike anayemfuata kuzaliwa, asome historia hii, na imemwonya asome kilichoandikwa asiongeze maneno yake, lakini kwa kuwa aliyeandika na anayesoma ni mtu mmoja, onyo hilo limechelewa kidogo, hivyo tunaomba mtuvumilie.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya baba yetu, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi baiskeli huyo na mama yetu mshona nguo, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia, bali aliwatazama waliokuwemo chumbani mmoja mmoja, kana kwamba anataka kujua kila mtu amefikaje pale. Huenda mama aliyaongezea chumvi maneno hayo baadaye, alipoiona kazi aliyoishia kuifanya mwanawe, maana kwa kutia chumvi mama hakuwa na mpinzani.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza mwaka 1970, akasoma sekondari hadi mwisho wa mwaka 1974, akafaulu vizuri hesabu na jiografia, na miaka yote hiyo alikuwa na ndoto moja tu, kuwa dereva wa basi, si lori, si teksi, basi, lenye abiria wanaopanda na kushuka na kumwambia asante. Mwaka 1975 alikwenda kuomba mafunzo ya udereva, akapimwa macho kwanza, akaambiwa asome herufi zilizo ukutani, naye akauliza ukuta uko upande gani, na ndoto ikaishia hapo. Baba alimnunulia miwani, akamkataza kununa, akampeleka chuo cha takwimu, ambako alihitimu na kupata cheti mwezi Novemba 1977.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa na idara ya mipango ya usafiri wa mji kuwa mhojaji wa kaya, kazi ambayo sisi ndugu zake ilituchukua miaka kuielewa, kwa hiyo tuieleze. Idara inachagua kwa kura nyumba kadhaa katika kila mtaa, mhojaji anakwenda kugonga, anakaribishwa au hakaribishwi, na akikaribishwa anamuuliza kila mtu wa nyumba hiyo jana alikwenda wapi, alitoka muda gani, alikwenda kwa miguu au kwa chombo gani, na kwa shughuli ipi, kisha majibu ya mji mzima yanajumlishwa, na kutokana nayo wakubwa wanaamua barabara gani ipanuliwe na basi lipite wapi. Watu walimfungulia mbwa, walimdhania mtu wa kodi, na bwana mmoja alimweleza kwa kirefu na kwa furaha jana alikokwenda, bila kujua kwamba mkewe amesimama nyuma ya pazia, na mahojiano ya nyumba hiyo hayajakamilika mpaka leo.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina ambalo wengi wenu mnamjua nalo. Watu wakiulizwa safari zao husahau kwamba kurudi nyumbani nako ni safari, mtu atasema alikwenda sokoni halafu atanyamaza, kana kwamba bado yuko sokoni, na marehemu alikuwa akisukuma miwani juu ya pua na kuuliza kwa upole, “Na ulirudi?” Aliuliza hivyo mitaa yote ya mji huu, akawauliza hata wagonjwa aliowatembelea na wageni wa harusi, mpaka watoto wakawa wanamwita Naulirudi, na watu wazima wakafuata, na mwisho jina likaandikwa hata kwenye kikombe chake cha chai ofisini.

Mke wake, wifi yetu mpendwa aliyeketi hapa, alimpata kwa mlango huohuo wa kazi, mwezi Agosti 1983, alipogonga nyumbani kwa wazazi wake na binti ndiye akajibu kwa niaba ya nyumba nzima. Juma lililofuata alirudi akidai kuna majibu hayajakamilika, akarudi tena kuhakiki, akarudi kuhakiki alichohakiki, mpaka baba mkwe akamuuliza mama mkwe ni safari gani hizo zisizoisha kuandikwa za mtoto anayeshinda sebuleni. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Desemba 1984, wakajaliwa watoto watatu, binti mwaka 1986, ambaye leo ni muuguzi, kijana mwaka 1989, ambaye ni fundi umeme, na kitinda mimba wetu mwaka 1995, anayefundisha chekechea, na wote watatu walikua wakihojiwa mezani wakati wa kula, mpaka wifi akapiga marufuku swali la marehemu mezani, marufuku ambayo yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuivunja, kwa sababu alipenda kuulizwa.

Mwaka 1990 marehemu alipandishwa cheo kuwa msimamizi wa wahojaji, na hapa tunaomba usikivu wenu, kwa kuwa yote yaliyotuumiza baadaye yameanzia hapa. Wahojaji walikuwa wakikuta nyumba zilizochaguliwa zimefungwa, kanuni inawataka warudi na kurudi mpaka wampate mtu, wao wamechoka, wakubwa wanataka kazi iishe, na kaka yetu, ambaye tangu utotoni hakuweza kuvumilia mtu amkasirikie, akawafundisha njia ya mkato, kwamba mlango ukiwa umefungwa uruke, gonga unaofuata, atakayefungua ndiye huyohuyo. Kazi ikaisha kabla ya muda, wakubwa wakafurahi, wakampa zawadi ya saa ya ukutani, na saa ile ikatundikwa sebuleni juu ya kochi, mgeni akiingia anaonyeshwa saa kabla hajapewa maji.

Mwaka 1992 alijenga na kuhamia mtaa wetu huu wa juu, wenye hewa safi na majirani wema na njia ambayo mvua ikinyesha inageuka uji, na ninyi mnaoishi hapa hamhitaji kuelezwa, ila wageni wetu wajue kwamba watu wa hapa hushuka mlima alfajiri wakiwa na kandambili miguuni na viatu safi ndani ya mfuko wa plastiki, wakifika barabara kuu wananawa miguu kwa maji ya chupa, wanavaa viatu, wanasukumana kwenye magari, na jioni wanafanya yote hayo kinyumenyume. Wifi yetu alikuwa mpishi wa shule ya bweni upande wa pili wa mji, alitoka kabla ya jua na kurudi jua likizama, na marehemu alipokuwa akimtazama akishuka na mfuko wake wa viatu, akamwahidi kwamba ataleta basi mpaka hapa juu, na kwa kuwa mtu mwenye furaha hawezi kunyamaza, akawaahidi na majirani wote.

Fursa ilikuja mwezi Septemba 2003, utafiti mkubwa wa usafiri wa mji mzima, na marehemu alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia majirani kwamba wahojaji watakuja, wasiwafukuze, wajibu kila kitu, waseme na wanavyorudi, na basi litapatikana kwa majibu yao. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuhoji mtaa anaoishi, hiyo ni kanuni, na safari hii aliifuata, akapangiwa mitaa ya mbali, na mtaa huu wakapewa vijana wawili wapya, wenye adabu na haraka, waliofunzwa na yeye mwenyewe.

Majirani walisubiri, hawakuona mtu. Ripoti ilitoka Aprili 2004, na ilipofika kwenye mtaa wetu ilisema, kwa maneno ambayo marehemu aliyajua kwa moyo mpaka anakufa, kwamba wakazi wa eneo hili wana uhitaji mdogo wa kusafiri kuliko wakazi wote wa mji. Sisi, ndugu zangu. Sisi wenye mifuko ya viatu.

Marehemu alikwenda kuwatafuta wale vijana, nao wakamweleza bila kuficha kitu, kwani hawakujua kama kuna la kuficha, kwamba walipanda mlima asubuhi kweupe, wakakuta karibu nyumba zote zilizochaguliwa zimefungwa, wakaziruka kama walivyofundishwa, wakahoji waliofungua. Sasa asubuhi kweupe mtaa huu nani yupo, wanaohitaji basi wameshashuka kwa miguu zamani, wamebaki wasiokwenda kokote, na aliyefungua kwanza ni mzee wetu mpiga chapa mstaafu, aliyepo nasi hapa na ambaye tunamsihi asijisikie vibaya, maana aliulizwa akajibu kweli, jana hakutoka, juzi hakutoka, goti linamsumbua, na akawakaribisha chai. Na mlango waliouruka hata wakafika kwa mzee ulikuwa mlango wa marehemu, nyumba yake mwenyewe ilichaguliwa kwa kura, mke yuko jikoni kwa watu, watoto wako masomoni, na baba mwenye nyumba yuko upande mwingine wa mji akiwauliza watu baki jana walikwenda wapi.

Angeweza kukaa kimya, kwa sababu hakuna aliyejua, na mzee mpiga chapa alikuwa ameanza kubebeshwa lawama yote na kuitwa mla basi. Badala yake Jumapili tarehe 16 Mei 2004 alisimama kwenye mkutano wa wakazi, akaeleza njia ya mkato na ilikotoka, na mwisho akasema, “Wameniruka mimi mwenyewe, na aliyewafundisha kuruka ni mimi.” Watu walitazamana, kisha fundi viatu, ambaye kusema kweli ndiye pekee aliyekuwa akinufaika na ule uji wa barabarani, akainuka akasema amesikia na ameelewa, ila anaomba kujua basi linakuja au haliji. Marehemu akasema litakuja, na sisi wadogo zake tuliokuwepo tulitamani angesema tu hajui.

Aliporudi nyumbani aliishusha ile saa, ukutani pakabaki duara jeupe, na pamoja na kwamba nyumba imepakwa rangi mara kadhaa tangu hapo, wifi anasema bado analiona. Majirani wengine walipunguza salamu, wengine wakawa wanamuuliza kwa kejeli kama basi limeshatoka gereji, na yeye alijibu kila mtu kwa heshima, lakini ndani alikuwa anaumia, alikonda, alianza kuongea peke yake akinyoa ndevu, na aliyekuwa akimbembeleza ni huyohuyo mke aliyekuwa akishuka mlima kwa miguu.

Ilipofika mwaka 2011 idara iliandaa utafiti mwingine, marehemu akiwa bado msimamizi, na safari hiyo aligeuka mtu ambaye hatukumjua. Aliwaambia wahojaji kwamba mlango uliofungwa ndio wenye habari, akawarudisha mitaani Jumamosi na Jumapili, wawili wakaacha kazi, mkubwa wake akamwita akamwambia anachelewesha mradi, naye, mtu yule asiyependa kukasirikiwa, akakaa kitini akasema acha akasirikiwe. Utafiti ulichelewa, alikatiwa likizo, lakini majibu yalitoka, na mtaa wetu ukaonekana kuwa wa watu wanaosafiri na kuteseka, na kwenye ramani mpya ukachorwa mstari wa basi unaopanda mpaka hapa, na mwezi Agosti 2013 kikajengwa kituo, kile pale mnachokiona, chenye bati la bluu na benchi la saruji.

Kituo kilikuja, basi halikuja. Watu walipaka chokaa mawe ya pembeni, wakangoja, wakachoka, wakaanza kuanika mahindi kwenye benchi na kujikinga mvua, na mbuzi wa mama muuza mkaa akazalia hapo. Marehemu alipouliza ofisini aliambiwa mhandisi amesema basi haliwezi kugeuza huku juu, pamebana, na alipoomba basi moja tupu lije kujaribu mchana mmoja tu, aliambiwa jaribio linahitaji kibali, na kibali kinahitaji ripoti, na ripoti itategemea jaribio. Akauliza lini, akaambiwa linafanyiwa kazi. Maneno hayo, linafanyiwa kazi, sisi nyumbani tulikatazana kuyatumia, hata kwa bomba lililoziba.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2017, akafanyiwa tafrija nzuri, akasifiwa, na akapewa zawadi, nayo ilikuwa saa ya ukutani. Aliibeba chini ya kwapa mpaka nyumbani, akaiweka stoo pamoja na mwenzake, na Jumatatu iliyofuata akavaa shati lake la kazi akashuka mlima kwenda ofisini kuulizia basi, akaambiwa mkubwa yuko kikaoni, na akaendelea kwenda Jumatatu kwa Jumatatu, na mkubwa naye akaendelea kuwa kikaoni, tunashangaa kikao gani hicho.

Mwezi Machi 2019 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akapimwa, ikaonekana figo zimechoka, na kuanzia hapo ikabidi apelekwe hospitali mara mbili kwa juma kusafishwa damu, na sasa yeye mwenyewe akawa ndiye anayeshuka ule mlima, mkewe akiwa na mwavuli na chupa ya chai, wanabadilisha magari mjini, na jioni akirudi ameishiwa nguvu anapanda kidogo kidogo mpaka pale kituoni, anaketi kwenye benchi lake apate pumzi ya kufika nyumbani. Wapita njia walimtania, mzee unasubiri basi, naye akajibu hapana, anaisubiri idara. Tulicheka naye, lakini leo tuseme wazi kwamba tulikasirika, na bado tumekasirika, na hatuoni sababu ya kujifanya hatujakasirika kwa kuwa tuko msibani.

Alilazwa tarehe 11 Oktoba mwaka huu wa 2023, hali ikawa inapanda na kushuka, na siku ya Jumanne tarehe 17 wifi alipofika wodini mchana alimkuta amezinduka, ana akili zake timamu, na jambo la kwanza alilomuuliza ni kama jana yake alirudi salama na alirudi vipi. Wifi yetu hajui kudanganya, akamwambia alishushwa barabara kuu, mvua ikamkuta, akapanda kwa miguu. Marehemu akamshika mkono, akasema, “Nilikuahidi basi, mama watoto,” na wifi akamjibu kwamba mvua yenyewe ilikuwa ya rasharasha tu, na ndivyo walivyokuwa, ameshikwa mkono, alipokata roho alasiri hiyo, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, akiacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia akiwahoji jana yao walikwenda wapi huku wanamtafutia mshipa, inawashukuru majirani waliombeba kwa kiti mpaka barabara kuu siku alizoshindwa kushuka, na hasa fundi viatu, ambaye hakuwahi kupokea chochote wala kuuliza tena habari ya basi, inamshukuru mzee mpiga chapa, aliyetoka leo pamoja na goti lake, na mhojaji yeyote akipita kesho tunaomba amwandike.

Tunawashukuru pia wafanyakazi wenzake wa idara, mliokuja kwa wingi, na hapa ndipo onyo la familia kwa msomaji lilipokuwa la bure, kwa sababu hili haliwezi kupita. Mmekuja na mabasi mawili makubwa. Tumeyaona yakipanda mlima asubuhi hii yakiwa yamejaa, tumeyaona yakigeuza pale kwenye kituo chake, moja baada ya jingine, na dereva wa la pili aligeuza kwa mkono mmoja, mwingine ameshika simu, anauliza kama huku juu kuna mahali pa kupata chai. Mama muuza mkaa aliacha biashara akaja kutazama, fundi viatu alivua kofia, na wifi yetu, ambaye alikuwa hajalia tangu Jumanne, alipolisikia basi linazima injini mlangoni kwake, hapo ndipo alipolia.

Wakubwa wetu, baada ya mazishi mtapanda mabasi hayo, mtashuka, na kesho asubuhi watu wa mtaa huu watatoka na mifuko yao ya viatu watazame pale kituoni, kwa hiyo kabla hamjaondoka tunawauliza, kwa niaba ya marehemu na kwa maneno yake mwenyewe, na mtarudi?

Kaka yetu, baba yetu, mume, jirani, Naulirudi, basi limepanda, wewe ndiye uliyelileta na mkeo ameliona, tumekuandikia hivyo. Pumzika kwa amani, na kwa safari hii yako ya leo hakuna atakayekuuliza.